Cheni ya pawasoo imerefuka: tafuta sababu kabla ya kupunguza pingili

Cheni ya pawasoo ikirefuka, si kwamba chuma kimevutika. Kimelika. Kila ribiti inazunguka ndani ya tundu lake mara nyingi kila sekunde, na tundu linapanuka polepole. Likipanuka sehemu moja tu ya kumi ya milimita, jicho halioni kitu. Lakini cheni ya ndimi 68 (zile pingili zenye ncha chini, kila moja na ribiti mbili) ina viungo 136, na ukijumlisha umepata zaidi ya milimita 13. Hapo ndipo skrubu ya kukazia inapofika mwisho, cheni bado inaning'inia chini ya baa, lile bapa refu la chuma linaloiongoza, na mwenye mashine anaibeba kwa fundi: "Bwana fundi, nipunguzie pingili moja tu, nina kazi Kisauni leo."

Fundi asiyetaka maneno atampunguzia, na kazi ya Kisauni itafanyika. Ila umbali kati ya ribiti na ribiti umeshakuwa mkubwa kuliko umbali wa meno ya sproketi, lile gurudumu linaloivuta cheni, na kupunguza urefu hakurudishi umbali huo. Cheni itaendelea kupanda juu ya meno ya sproketi badala ya kukaa katikati yake, itayala, na sproketi iliyoliwa itaila hata cheni mpya utakayonunua baadaye. Kwa hiyo kupunguza kunafaa kwa cheni ya aina moja tu: iliyo mpya au karibu na mpya, ambayo tangu mwanzo ilikatwa kwa urefu usio wake. Cheni iliyorefuka kwa kazi dawa yake ni kubadilishwa.

Tukubaliane majina kwanza. Ulimi ni ile pingili yenye ncha chini inayoingia kwenye mfereji wa baa na kuvutwa na sproketi; ndizo zinazohesabiwa, ndimi. Jino ni linalokata, na meno yako ya kulia na ya kushoto kwa zamu. Kibati ni kile kipande bapa cha pembeni kinachounganisha ndimi pale pasipo na jino, na pia upande wa pili wa kila jino. Kikomo ni kile kinundu mbele ya jino kinachoamua jino liingie kwenye mti kiasi gani. Pichi ni umbali kati ya ribiti tatu zinazofuatana, ukigawanya kwa mbili. Za kawaida, kwa inchi, ni 3/8 fupi (yaani ya kimo cha chini) kwa mashine ndogo, .325 kwa za kati, 3/8 kamili na .404 kwa kubwa.

Na kabla hujagusa chochote: mashine imezimwa, kofia ya plagi imevuliwa, au waya umechomolewa ukutani, au betri imetolewa. Glovu nzito hata ukiwa unazungusha cheni kwa mkono tu, kwa sababu jino lililonolewa halijali kama injini imewaka au la. Miwani ya fundi unapotumia grenda au nyundo. Watoto wa nyumba wapelekwe uani kwa jirani. Ribiti ikiruka haichagui.

Skrubu imefika mwisho na cheni bado inaning'inia

Fungua kifuniko, utoe cheni, uilaze juu ya meza. Sasa hesabu ndimi zote. Tia alama ya chaki kwenye ya kwanza, maana ukifika hamsini na kitu mtu akakuita utaanza upya. Halafu soma baa karibu na pale inapofungwa kwenye mashine: pamepigwa chapa ya pichi, upana wa mfereji na idadi ya ndimi. Ikiwa baa inasema 68 na cheni yako ina 70, umepata jibu: cheni ni ndefu kwa kuzaliwa. Ikiwa baa inasema 68 na cheni ina 68, cheni imelika, na mazungumzo ya kupunguza yaishie hapo.

Wakati mwingine chapa ya baa imefutika kwa kutu au kwa kusuguliwa. Basi pima. Nyoosha cheni, uivute pande zote mbili ikaze, kisha pima kutoka katikati ya ribiti moja ya ulimi hadi ribiti ya mkono ule ule ya ulimi wa ishirini na moja, yaani nafasi ya ndimi 20. Kwa cheni mpya ya .325 utapata milimita 330. Mimi ikinifikia 333 naiweka kando hata kama meno bado marefu. Kwa pichi nyingine, njia rahisi ni kuilaza sambamba na cheni mpya ya aina ile ile, ribiti za kwanza zikiwa sawa, uangalie mwishoni zimepishana kiasi gani.

Angalia na meno pia. Mengi yana mstari mdogo uliochongwa juu kuonyesha mwisho wa kunoa. Kama hakuna mstari, jino lililobaki na milimita 4 juu yake limemaliza kazi yake. Haina haja ya kuhangaika na urefu wa cheni ambayo meno yake yamekwisha.

Sproketi nayo usiisahau. Ukiona mifereji imechimbika kwenye meno yake, zaidi ya nusu milimita, ibadilishe. Desturi nzuri ni sproketi moja kwa kila cheni mbili au tatu. Wengi huku hununua cheni ya tano juu ya sproketi ya kwanza, kisha wanalaumu cheni.

Cheni mpya haitoshei

Tatizo hili huanzia kaunta ya duka la vyuma. Mtu anaingia anasema, "Nipe cheni ya inchi 18." Cheni nyingi hukatwa kutoka kwenye roli, za futi 25 au futi 100, na inchi 18 ni urefu wa baa tu. Baa ya inchi 18 inaweza kuchukua ndimi 62, 68 au 72, kutegemea pichi na aina ya mashine. Mwenye duka akikisia, anakisia. Mashine za mitumba zinaongeza utata: mashine imetoka Ulaya na baa ya inchi 15, mwenyewe akaivisha baa ya inchi 18 aliyoipata kwa rafiki, na sasa hakuna kitabu duniani kinachojua cheni yake.

Nenda dukani na mambo matatu yameandikwa kwenye kikaratasi: pichi, upana wa mfereji (milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6) na idadi ya ndimi. Au beba baa yenyewe, wakate cheni mbele yako, uivishe hapo hapo.

Ikiwa imeshakuja nyumbani fupi, usiisukumie kwa bisibisi. Ikipanda kwa nguvu, itakaza kupita kiasi na kuumiza beringi za ncha ya baa na mhimili wa injini. Ikiwa imekuja nyembamba kuliko mfereji, itayumba na kukata ikipinda, rudisha. Ikiwa ni pichi nyingine, rudisha leo hii. Ndefu ndiyo peke yake inayorekebishika nyumbani.

Kupunguza yenyewe

Duka lenye mashine mbili ndogo za mkono, moja ya kusukuma ribiti nje na nyingine ya kuzungushia kichwa kipya, litakufanyia kazi hii ukisubiri. Ningekwambia uende huko. Lakini ukiamua kufanya mwenyewe, unahitaji jiliwa, grenda au tupa bapa, panchi nyembamba kuliko ribiti, nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, na kiungo kipya: kibati kimoja kilichokuja na ribiti zake mbili na kibati kingine chenye matundu tu. Kiungo hicho lazima kiwe cha pichi na upana ule ule, na ikiwezekana cha kampuni ile ile. Ribiti iliyowahi kutolewa hairudi, hata ikionekana nzima.

Amua kwanza unatoa nini. Mpangilio wa cheni ya kawaida ni jino la kulia, ulimi, kibati, ulimi, jino la kushoto, ulimi, kibati, ulimi, na kuendelea. Ukitaka kupunguza ulimi mmoja, toa jino moja, ulimi unaolifuata na kibati kinachofuata, kisha weka kiungo kipya mahali pake. Vibati viwili vitafuatana pale na meno mawili ya upande mmoja yatakuwa jirani; haina neno. Ukitaka kupunguza ndimi mbili, toa kibati, ulimi, jino, ulimi, kibati, na weka kiungo kipya. Hapo pia meno mawili ya upande mmoja yatafuatana, jambo ambalo hata cheni za kiwandani huwa nalo. Usichokubali ni meno mawili kukaa bila kibati kati yao. Jino la nyuma halitapata nafasi ya kutema vipande na cheni itagonga kila ikizunguka.

Tia alama ya rangi kwenye ribiti mbili zitakazotoka. Hesabu ndimi zitakazobaki kabla ya kukata. Hesabu tena.

Saga kichwa cha kila ribiti upande mmoja hadi kilingane na kibati, usizame kwenye vibati vinavyobaki. Grenda igusweguswe tu. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake, na ukiona buluu kwenye ulimi unaobaki, utoe nao. Kisha fungua jiliwa kidogo, ulimi uzame kati ya mataya yake na vibati vikae juu, na uisukume ribiti kwa panchi. Pigo moja au mawili ya maana ni bora kuliko ishirini ya woga yanayopinda kibati.

Sasa kuunganisha. Pitisha ribiti mpya kwenye matundu ya ndimi mbili, vika kibati cha pili, tia tone la oili kwenye kila ribiti. Laza kiungo juu ya chuma kizito kisichotikisika, kichwa cha nyundo kubwa kilichobanwa kwenye jiliwa kinatosha. Piga ncha ya ribiti kwa nyundo ndogo, taratibu, ukizunguka ukingo wake, hadi iumbe kofia ndogo ya mviringo. Si bapa, si iliyopasuka. Kila baada ya mapigo machache nyanyua cheni na uikunje. Kiungo kizuri hukunjika kwa uzito wake wenyewe kama vile vya jirani, na kibati hakichezi juu chini. Kikikakamaa umepiga sana. Usikilegeze kwa kukivuta na koleo, toa ribiti uanze na kiungo kingine. Kama kibati kipya kimezidi kimo cha vile vya zamani, punguza sehemu ya chini kwa tupa ili kiteleze sawasawa juu ya baa.

Kuchomelea? La. Najua kuna mtu amewahi kukuambia fundi wa jua kali fulani alichomelea cheni na ikafanya kazi mwaka mzima. Joto la kuchomelea linalainisha chuma kilichogumishwa, na kiungo kilichochomelewa hakikunjiki, kwa hiyo kinavunjika. Bolti nyembamba badala ya ribiti ni vivyo hivyo. Cheni inayokatika ikiwa kasi huweza kurusha kipande kidogo mfano wa risasi, na hurusha kwa mstari wa baa, mbele au nyuma. Ndiyo maana jaribio la kwanza linafanywa hivi: vika cheni, kaza, izungushe mzunguko mzima kwa mkono wenye glovu ukisikiliza pale kiungo kipya kinapopita kwenye sproketi na kwenye ncha. Kisha washa nje, ncha imeelekea ardhini palipo wazi, asiwepo mtu yeyote kwenye mstari wa cheni mbele wala nyuma. Iache nusu mwendo kwa dakika moja, zima, chomoa plagi, tazama zile ribiti mbili. Kofia ikiwa na ufa hata wa unywele, toa.

Inalegea kila baada ya muda mfupi

Cheni mpya ina haki ya kulegea mara kadhaa siku ya kwanza, wakati ribiti zinajikalisha. Kuilaza kwenye oili usiku mmoja kabla ya kuivika kunapunguza hilo. Baada ya hapo, mtuhumiwa wa kwanza ni jinsi unavyokaza. Legeza nati za baa, inua ncha ya baa juu kwa mkono, kaza skrubu hadi cheni iguse tu chini ya baa, na ncha ikiwa bado juu kaza nati. Asiyeinua ncha anakaza hewa: baa inaanguka kidogo mara ya kwanza inapogusa mti, na cheni inalegea. Kipimo ni kwamba cheni inavutika kwa vidole bila kukwama, na ukiivuta katikati ya baa ncha za ndimi zinabaki ndani ya mfereji.

Kama inaendelea, angalia kama kipini cha skrubu kimeingia kwenye tundu lake la baa. Halafu angalia oili, tutaifikia.

Cheni ikishapata moto hurefuka, na ukiikaza ikiwa moto inakuwa imekaza mno ikipoa. Ukimaliza kazi, ilegeze.

Inatoa unga, si vipande

Cheni kali hutema vipande vinene unavyoweza kuviokota kimoja kimoja. Ikitoa unga kama wa msumeno wa seremala, na unajikuta unaisukuma mashine badala ya mashine kujivuta yenyewe, imekuwa butu. Geuza jino kwenye mwanga wa jua: ukingo mkali hauonekani, ukingo butu unang'aa kamstari keupe.

Pwani inabutusha cheni haraka kwa sababu zake. Mnazi una ngozi ngumu ya nje yenye nyuzi zinazosugua. Mvinje, ule ambao mtaalamu wa mazingira René Haller aliotesha kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi kuanzia miaka ya 1970, ni mgumu mno ukishakauka. Mti wa ufukweni una mchanga ndani ya maganda yake hadi karibu na kiuno cha mtu, na mchanga unamaliza meno kuliko mti wowote; menya ganda kwa panga pale utakapokata. Lakini adui mkubwa mjini ni misumari. Mwembe wa kando ya barabara umepigiliwa mabango ya wagombea, ya nyumba za kupanga na ya waganga wanaorudisha wapenzi waliotoroka, uchaguzi juu ya uchaguzi. Kamba za waya za kuanikia nguo nazo humezwa na mti unaponenepa. Tazama madoa meusi kwenye ganda na kwenye mti uliokatwa, ni dalili ya chuma kilichozama.

Kunoa: bana baa kwenye jiliwa, vuta breki ya cheni. Chagua tupa ya mviringo inayolingana na pichi: milimita 4.0 kwa 3/8 fupi, 4.8 kwa .325, 5.2 au 5.5 kwa 3/8 kamili. Tupa ikae ndani ya mkunjo wa jino, sehemu moja ya tano ya unene wake ikichomoza juu. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30 au ile iliyochorwa juu ya jino, na uinyanyue inaporudi. Tupa haikati ikirudi, inajiharibu tu. Anza na jino lililo fupi kuliko yote, hesabu misuguo yako, na uyapunguze mengine yafikie urefu huo. Noa ya upande mmoja yote, kisha geuka.

Vikomo huachwa nyuma na wengi. Jino likifupika linashuka, kikomo kinabaki juu, na hata ukinoa mpaka ujione kwenye jino, litateleza juu ya mti. Kila baada ya kunoa mara chache, weka kipimo cha vikomo na upunguze kwa tupa bapa kinachochomoza, kwa .325 tofauti kati ya jino na kikomo ni takriban milimita 0.65. Kisha viringisha pua ya mbele ya kikomo. Hapa kuna kishawishi kibaya: ukishusha kikomo zaidi, mashine inakata kwa fujo na inafurahisha kwa nusu saa. Inafanya pia baa irushwe juu kwa ghafla kuelekea usoni pale robo ya juu ya ncha inapogusa mti. Nimeona mashine za kukodi ambazo vikomo vimesagwa hadi chini kabisa. Ukipewa ya namna hiyo, irudishe.

Mkato unapinda

Unakata wima, mkato unaelekea kulia kama una safari yake. Meno ya upande mmoja ni butu au mafupi kuliko ya upande wa pili, mara nyingi kwa sababu upande huo uligonga jiwe au msumari. Pima meno kwa kalipa au hata kwa kijiti, yasawazishe.

Ukishasawazisha na bado unapinda, ni baa. Weka rula ubavuni mwa baa iguse na jino: pabaki uwazi mdogo kati ya rula na baa. Uwazi usipokuwepo, mfereji umepanuka na cheni imelala upande. Kingo za baa zilizotoka nje zisuguliwe kwa tupa bapa, na baa igeuzwe juu chini kila unapobadilisha cheni ili ilike sawa.

Baa inatoa moshi

Kwanza hakikisha breki haijavutwa. Hilo hutokea hata kwa wakongwe. Halafu oili. Elekeza ncha juu ya katoni safi, ongeza mwendo: mstari wa matone ya oili unapaswa kuonekana. Usipoonekana, toa baa uchokoe tundu lake la oili kwa waya na mfereji kwa kibati chembamba. Ukikata minazi, nyuzi hujaa nyuma ya kifuniko cha sproketi na kunywa oili yote kabla haijafika kwenye baa. Safisha kila unapojaza petroli. Tangi la oili likiwa limebaki nusu wakati petroli imekwisha, oili haitoki inavyopaswa.

Oili chafu ya gereji ni rahisi kupatikana, na ndiyo inayotumika sana. Ina chembe za chuma zinazosaga pampu, na inarushwa kwenye nguo, kwenye ngozi na kwenye pumzi yako. Ina sumu za saratani. Kama oili ya cheni haipatikani, afadhali oili safi ya injini ya SAE 30. Mafuta ya kupikia yanafanya kazi pia, ila yakiachwa ndani ya mashine wiki kadhaa yanaganda kama gundi.

Cheni inatoka kwenye baa

Imelegea, au sproketi imekwisha, au mfereji umepanuka. Ikishatoka mara moja, usiirudishe tu ukaendelea: ndimi zilizogonga sproketi huwa na makovu yanayokwama mferejini. Zipitie moja moja, uzilainishe kwa tupa bapa. Zikiwa nyingi zimepondeka, cheni haifai.

Inazunguka yenyewe mashine ikiwa haijaongezwa mwendo

Cheni haihusiki hapa. Mwendo wa kupumzika uko juu au springi za klachi zimechoka. Punguza skrubu ya mwendo. Ikiendelea, peleka kwa fundi na usiikatie kitu.

Imekakamaa kwa kutu au utomvu

Hewa ya chumvi haisubiri. Cheni iliyoachwa kwenye mashine wakati wa mvua za masika, hasa nyumba iliyo karibu na bahari, itaota kutu ya kahawia kwenye viungo katika muda mfupi. Utomvu wa mwembe nao unagandisha viungo. Iloweke kwenye mafuta ya taa nje ya nyumba, mbali na jiko la makaa. Petroli usiitumie kuoshea. Ipige kwa brashi, ifute, kisha uizamishe kwenye oili. Ya kuhifadhi ikae kwenye kopo lenye mfuniko likiwa na oili kidogo chini.

Pingili ambayo haikunjiki hata baada ya kulala usiku mzima kwenye oili haitakunjika tena. Cheni kama hiyo ni ya kutupwa, na kabla ya kuitupa ikate vipande viwili kwa grenda, asije mtu akaiokota, akaipaka oili na kumuuzia mwingine.